Kinamasi Kilichokumbuka Kufa

Vyura walikuwa wamenyamaza kwa mstari.

Domitila Rusimbi alilitambua hilo kabla hajazima gari. Upande wa kushoto wa kinamasi kelele zilikuwa zilezile alizozizoea, vyura wa kwenye matete wakigonga kama mafundi bati. Upande wa kulia vivyo hivyo. Lakini katikati palikuwa na ukimya mwembamba, ulionyooka, kana kwamba mtu amepita na panga akafyeka sauti.

Nyamizi Kapaya, mwenyekiti wa kijiji cha Isongelo, alikuwa akimngoja ukingoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, asiye na subira na maneno marefu.

"Karibu, mtaalamu," alisema. "Safari hii hatukukuita kwenye sherehe."

"Nimesikia, mama. Ilianza lini?"

"Mvua zilipoanza kukatika. Njoo uone. Kusikia peke yake hakutoshi."

Walifuata njia ya mbao iliyopita juu ya tope mpaka ndani ya mafunjo. Domitila alipajua mahali hapa kuliko alivyoijua nyumba yake. Alipofika mara ya kwanza, Isongelo lilikuwa bonde lililokufa: mashamba ya mpunga yaliyotelekezwa, mifereji mikavu, na udongo mweusi uliopasuka ukashika moto wenyewe kila kiangazi, moshi ukifuka kutoka ardhini bila miali. Sasa mafunjo yalimpita kimo. Kambare walikuwa wamerudi, kamongo pia, na jozi moja ya korongo nyangumi ilikuwa imejenga kiota ambako zamani palikuwa na majivu. Visima vya kijiji havikukauka tena. Kati ya vinamasi vyote alivyowahi kufufua, hiki ndicho alichokitaja watu walipomuuliza kama kazi yake ina maana.

Nyamizi alisimama ghafla. Mbele yao mafunjo yalikuwa yamelala chini. Hayakukatwa wala kuchomwa, ila yalikuwa yamenyauka kuanzia mizizini, yakaangukia upande mmoja, na tope chini yake lilikuwa limekauka na kupata rangi ya kijivu. Pengo lile lilikuwa na upana wa lori. Kingo zake zilikuwa zimenyooka.

"Nani amepitisha gari humu?" Domitila aliuliza, ingawa alijua hakuna gari linaloweza kukanyaga pale lisizame.

"Hilo ndilo swali tunalokuuliza wewe. Na kila siku linasogea." Nyamizi alinyoosha mkono mbele, kule mafunjo mabichi yalikoanzia. "Linaelekea kwenye chemchemi. Likifika huko, visima vyetu basi."

Domitila alipiga goti, akachomeka fimbo ya kusikilizia ndani ya tope, akafungua tableti yake.

Sheria ilikuwa rahisi kuitamka: anayeua kinamasi afufue kingine. Kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa, wataalamu walizamisha chachu kwenye kinamasi kilichohukumiwa. Zilikuwa nyuzi hai, nyembamba kuliko unywele, zilizokuzwa maabara kutokana na ukungu wa topeni. Chachu ilikaa humo msimu mzima ikijifunza maji hupanda lini, samaki hutagia wapi, mzizi gani hupenda jirani gani, chura yupi huanza kuimba na yupi humjibu. Halafu ilichimbuliwa ikapelekwa kwenye bonde lililokufa, ikalifundisha bonde kuishi. Ilisukuma gesi ya tope ndani ya mashina ya matete, ikayapuliza kama filimbi, ikaiga vyura na ndege wa kule ilikotoka, mpaka vyura na ndege wa kweli waliposikia wakaja kuangalia ni nani wenzao. Hivyo ndivyo Isongelo ilivyokuwa pacha wa Nyabihore, kinamasi kilichofukiwa ili pajengwe bandari kavu.

Fimbo ilimwonyesha nyuzi zikijiondoa kwenye mizizi, zikivuta maji na kuondoka nayo. Hazikuwa zinaumwa. Domitila alizitazama kwa muda mrefu, halafu, kwa wazo ambalo hakulipenda, akaileta ramani ya Nyabihore akaitandaza juu ya ramani ya Isongelo. Lile pengo lilianzia palepale ambapo, kule Nyabihore, malori ya kifusi yaliingilia. Lilikata kona mlemle malori yalimokata.

Chachu ya Nyabihore ilitakiwa kutolewa kabla ya lori la kwanza. Kumbe haikutolewa. Mtu fulani alikuwa na haraka, akaanza kumwaga udongo huku nyuzi zikiwa bado zinasikiliza. Kwa hiyo zilijifunza msimu mzima, na mwisho wa msimu zikajifunza kufa. Sasa bonde la Isongelo lilikuwa limefika kwenye ukurasa huo, na kwa utiifu uleule uliootesha mafunjo, lilianza kujifukia.

"Umepata nini?" Nyamizi aliuliza.

"Kinakumbuka," Domitila alisema.

Nyamizi hakuonekana kushangaa. Alitazama jua. "Basi ngoja adhuhuri, ukisikie kinakumbuka nini."

*

Kabla jua halijafika utosini, wanawake waliokuwa wakifua ukingoni walikusanya nguo zao zikiwa bado na povu, wakaondoka. Hawakuaga. Nyamizi peke yake ndiye aliyebaki, amekunja mikono kifuani.

Kwanza ulikuja mngurumo. Ulitoka chini, ukapanda kwenye matete, na mashina yakatetemeka yakatoa sauti nzito ya injini nyingi zikipanda mlima. Maji yalichemka kwa mapovu. Kisha, katikati ya mngurumo, ndege alilia mara mbili, mlio wa pili ukipanda juu. Na baada ya ndege ikaja sauti ya mwanaume.

"Ngojeni!"

Domitila aliruka kutoka kwenye mbao. Tope lilimfika magotini kabla hajafikiri.

"Ngojeni! Kuna mtu huku! Ngojeni jamani, kuna mtu!"

Sauti ilikuwa na mkwaruzo wa matete, lakini pumzi yake ilikuwa pumzi ya mtu anayekimbia kwenye maji. Domitila alisonga mbele akipasua mafunjo kwa mikono, akiita "Uko wapi? Uko wapi?" mpaka mkono mzito ulipomkamata mgongoni.

"Hakuna mtu," Nyamizi alimwambia sikioni. Alikuwa amemfuata mpaka ndani, gauni limelowa lote. "Hakuna, mwanangu. Siku ya kwanza hata mimi nilikimbia. Siku ya pili pia."

Mngurumo ulikatika. Mbele yao, polepole, kama wazee wanaoketi, mafunjo ya safu nyingine yaliinama na kulala.

*

Bosi wake, Injinia Gwamaka, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Uso wake ulionekana mdogo na wa bluu kwenye tableti aliyoiegemeza juu ya boneti ya gari.

"Mwagia chumvi," alisema. "Ukate msimu ule wa mwisho, chachu ibaki na mingine yote. Kinamasi kitasahau, kitaendelea kuishi."

Chumvi lilikuwa jina la mtaani la dawa iliyokausha nyuzi. Domitila alikuwa nayo kwenye gari, mtungi mzima.

"Injinia, mle ndani kuna mtu."

"Kulikuwa. Sasa ni gesi ndani ya matete. Wenye visima nao ni watu, Domitila."

"Nani alithibitisha kwamba Nyabihore ilikuwa tupu?"

Gwamaka alivua miwani akajisugua macho. "Aliyekuwa na cheo hiki kabla yangu. Na polisi walipoulizwa walisema hakuna aliyepotea. Mmoja tu, mvuvi, ambaye watu walisema amevuka ziwa kwa mwanamke mwingine."

"Anaitwa nani?"

"Wewe unataka kufika wapi?"

"Anaitwa nani, Injinia?"

Alimtajia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Unajua rekodi haitasaidia kitu."

Alijua. Tangu mashine zilipoweza kuiga sauti ya mtu yeyote, aliye hai na aliyekufa, mahakama zilikuwa zimeacha kusikiliza rekodi. Zilisikiliza watu, waliosikia kwa masikio yao na wakawa tayari kuapa. Na huwezi kuchota tope la chachu kwenye chupa ukampelekea hakimu, maana uzi mmoja haujui chochote, kama ukili mmoja usivyojua ua la mkeka. Sauti ile ilikuwa Isongelo, yote kwa pamoja, au haikuwepo kabisa.

"Nitamwomba hakimu aje asikie mwenyewe," alisema Domitila.

"Mahakama iko likizo. Mpaka arudi kikaoni, mstari utakuwa umeshaipita chemchemi. Nakuachia mpaka ukaribie. Ukikaribia, mwagia. Nikikuongezea zaidi ya hapo, naongeza kwa kichwa changu, na kichwa chenyewe ninacho kimoja."

*

Perpetua, mke wa yule mvuvi, aliishi kwenye nyumba za waliohamishwa kutoka Nyabihore, safu za kuta za saruji zilizopakwa rangi moja, zilizoegemea ukuta mrefu wa bandari kavu. Alikuwa akiwauzia madereva chai na vitumbua. Domitila alimkuta akisugua sufuria kwa majivu, huku nyuma ya ukuta winchi zikiinua makontena na kuyashusha kwa kishindo.

"Kama umekuja kuhusu nyumba, nyufa ziko palepale," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kuhusu Anselimu, dada."

Mkono uliendelea kusugua. "Vuka ziwa ukamuulizie huko kwa huyo mke wake mpya. Mimi sina habari zake."

"Siku aliyoondoka, alikuwa anakwenda wapi?"

"Alisema anakwenda kutegua migono yake ya samaki. Walitupa muda mpaka mwisho wa mwezi kutoa vitu vyetu kinamasini. Aliondoka asubuhi, hakurudi." Alicheka kicheko kikavu. "Mgono gani unateguliwa miaka?"

Domitila hakujua njia nzuri ya kulisema, kwa hiyo alilisema tu. Alimweleza kuhusu chachu, na Isongelo, na mngurumo wa adhuhuri, na maneno. Alipofika kwenye maneno, aliyatamka taratibu, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi.

Perpetua aliacha kusugua.

"Alipiga mluzi kwanza?"

Domitila hakuwa ameutaja mlio ule. "Nilidhani ni ndege."

"Mara mbili. Wa pili unapanda."

"Ndiyo."

Perpetua aliiweka sufuria chini kwa uangalifu, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakulia. Alitazama mikono yake yenye majivu, kisha akaugeukia ule ukuta, na makontena yaliyochungulia juu yake, jekundu juu ya jeusi, jeusi juu ya bluu.

"Mwanangu hataki nilitaje jina lake," alisema. "Anasema baba aliyetukimbia si baba. Na mimi nilimwacha aseme hivyo, maana nami niliamini." Kontena lilitua nyuma ya ukuta, ardhi ikatetemeka chini ya miguu yao. Perpetua aliuelekezea ukuta ule kidole. "Kwa hiyo yuko hapo. Siku zote nawachemshia watu chai, naye yuko hapo."

*

Nyamizi alimpa Perpetua kitanda nyumbani kwake, kwa kuwa kijijini hakukuwa na nyumba ya wageni. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na adhuhuri walitembea pamoja mpaka ukingoni.

Siku ya kwanza, sauti ilipoita, Perpetua aliitikia. "Nipo!" alipiga kelele, akiwa amesimama kwenye ukingo wa mbao. "Anselimu, nipo huku! Geuka huku!" Sauti haikugeuka. Iliendelea kuwaita watu wa malori, na watu wa malori hawakusikia, na mafunjo yakalala.

Lakini kumbukumbu ilikuwa inaendelea kusogea. Kadiri mstari ulivyoingia ndani, ndivyo chachu ilivyofika mbele zaidi katika adhuhuri ile ya Nyabihore. Kila siku sauti ilifika neno moja au mawili zaidi kuliko jana. Baada ya kuita, alikohoa. Kesho yake akasema, "Mguu wangu umenasa." Keshokutwa yake akaita majina ya watu ambao Perpetua aliwatambua, wavuvi wenzake waliokuwa wameshahama. Halafu siku moja mngurumo ulipokuwa mkubwa kuliko siku zote, sauti ilishuka, ikawa karibu ya kawaida, sauti ya mtu anayemwagiza jirani yake aliye mlangoni.

"Mwambieni Petwa..."

Matete yalinyamaza hapo.

Perpetua aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwita Petwa.

Jioni ile Nyamizi aliingia jikoni na ndoo, akaiweka mbele yao. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na chini yalikuwa na tope.

"Kisima cha shuleni," alisema. "Vingine bado vizuri. Bado." Alimgeukia Domitila, si Perpetua. "Mtaalamu, mimi si mtu mbaya. Nimemwombea huyo ndugu kila siku. Lakini hapa tulishawahi kuishi juu ya ardhi inayoungua. Nilimfunga mwanangu kitambaa cha maji puani alale, kwa ajili ya moshi. Hatuna kifua cha kurudia."

"Zimebaki siku chache kabla ya chemchemi," Domitila alisema. "Kesho, pengine na keshokutwa. Naye hajamaliza kusema."

"Na keshokutwa atakuwa amemaliza? Unajua hilo?"

Domitila hakujua. Hakuna aliyejua Anselimu alisema maneno mangapi kabla udongo haujamfunika. Yangeweza kuisha kesho. Yangeweza kuendelea mpaka chemchemi ikauke, halafu yakakatika katikati vilevile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwa amewaambia, akawaambia sasa. Nyuzi za msimu ule zilikuwa zimesukwa pamoja na zote nyingine, na hazikuweza kutengwa wakati zimetulia. Zilipata joto na kuonekana kwenye fimbo wakati mmoja tu, zilipokuwa zikikumbuka. "Chumvi lazima imwagwe wakati anaongea," alisema. "Katikati. Hakuna namna nyingine."

Perpetua alikuwa akiitazama ile ndoo. Alichovya kidole, akakiinua, akalitazama tope likichuruzika.

"Nikisema ngojeni, mtangoja?" aliuliza.

Domitila alitaka Nyamizi ajibu. Nyamizi alikuwa akimtazama yeye. Mtungi ulikuwa kwenye gari lake. Funguo zilikuwa mfukoni mwake.

"Ningengoja kesho," Domitila alisema hatimaye. "Keshokutwa sijui. Nimejiuliza tangu mchana, na sijui, dada. Siwezi kukudanganya."

Perpetua alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la kweli asilolitaka. "Na ukishamwaga, nani atasema kwamba alikuwepo? Wewe ni mtu wa serikali, watakunyamazisha. Mimi ni mke, watasema nimechanganyikiwa. Watu waliomsikia ni wa kijiji hiki, nao huondoka kabla hajaanza."

Nyamizi aliketi. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Tunaondoka kwa sababu tukisema tulisikia, kinamasi hiki kitaitwa cha kesi. Watazungushia uzio. Nimeona wakifanya hivyo kwingine. Tutapewa maji kwa foleni kutoka kwenye lori la bozi, na bado kinamasi ni chetu."

"Najua," Perpetua alisema. "Sisi ndio tuliokuwa na kile cha kwanza."

*

Kesho yake Nyamizi alipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Alichowaambia watu Domitila hakukisikia. Aliona tu kwamba adhuhuri ilipokaribia, wengine walikusanya nguo zao na kuondoka kama kawaida, na mwanaume mmoja akapita akitema mate, akasema kwa sauti kwamba wafu wa watu wengine si mzigo wa Isongelo. Lakini wengine walikuja. Walikuja na watoto migongoni, na majembe, mmoja na redio aliyoizima alipofika. Walisimama kando ya maji bila kupangwa. Nyamizi alisimama mbele yao na viatu vyake mkononi.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Msikie kila mtu kwa masikio yake. Mtakuja kuulizwa."

Domitila alikuwa ndani ya kinamasi, tope kiunoni, fimbo mkono mmoja, bomba la mtungi mkono wa pili. Perpetua alikuwa kando yake. Alikataa kubaki ukingoni. Mbele yao, si mbali, chemchemi ilisukuma maji safi juu, na mstari wa kijivu ulikuwa umeikaribia kiasi cha kuigusa kwa mti mrefu.

Mngurumo ulikuja. Mtoto mmoja alianza kulia, akanyamazishwa. Mluzi, mara mbili, wa pili ukipanda.

"Ngojeni! Kuna mtu huku!"

Ukingoni mtu alisema "Yesu wangu." Hakuna aliyeondoka. Kwenye tableti iliyoning'inia shingoni mwa Domitila nyuzi zilikuwa zinawaka moja baada ya nyingine, ramani nzima ya msimu ule ikijichora kwa wekundu, maridadi kama mishipa ya jani. Alikuwa hajawahi kuona kitu kilicho hai kwa namna ile. Sauti ilikohoa. Mguu wangu umenasa, ilisema. Iliwaita wenzake.

"Mwambieni Petwa..."

"Mwaga," Perpetua alisema.

Mkono wa Domitila ulikuwa juu ya koki. Haukusogea. Ulikuwa unangoja neno linalofuata, na alijua kwamba unangoja, na hakuweza kuulazimisha.

"Mwambieni Petwa asi..."

"Mwaga, dada! Usinionee huruma. Mwaga!"

Alifungua koki.

Chumvi iliingia ndani ya maji bila sauti. Wekundu ulififia kuanzia kingoni, ukakimbilia katikati, na sauti ikafuata, ikapungua ikawa pumzi, kisha upepo tu ndani ya matete, kisha si kitu. Mstari wa kijivu ulisimama pale ulipokuwa. Chemchemi ikaendelea kusukuma maji. Mahali fulani upande wa kulia chura mmoja alijaribu sauti yake, akajibiwa.

Perpetua aliinama mpaka paji la uso likagusa maji. Domitila alimshika, wakakaa hivyo mpaka Nyamizi na wengine walipoingia topeni kuwatoa.

*

Uzio ulikuja, kama Nyamizi alivyosema. Maji ya bozi yalikuja, na foleni, na watu walimlaumu Nyamizi usoni. Domitila aliondolewa kazini kwa kuwaruhusu raia kusikiliza mali ya mradi, maneno ambayo Gwamaka alimsomea huku akikwepa macho yake. Lakini mahakama iliporudi kikaoni, watu wa Isongelo walipanda lori wakaenda kuapa. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema walichosikia, na maneno yao yalifanana, na hata yule aliyetema mate alikuja, akasema kwamba alikuwa amejificha nyuma ya mgomba akasikia yote.

Makontena yaliondolewa, jekundu, jeusi na bluu. Saruji ilivunjwa. Walichimba mpaka walipofika kwenye tope jeusi la zamani, lililokuwa bado na unyevu, bado na harufu ya kinamasi, na tope lile lilikuwa limemtunza. Mguu wake mmoja ulikuwa umenasa kati ya mizizi ya mafunjo. Mgono ulikuwa kando yake. Kijana aliyekuwa hataki kulisikia jina la baba yake alishuka shimoni mwenyewe, akataka asisaidiwe.

Mafunjo ya Isongelo yalichipua tena juu ya lile pengo, na uzio ulipoondolewa baadaye, mgeni asingeweza kulionyesha lilipokuwa. Domitila alihamia huko. Alipanga chumba karibu na Nyamizi, akawa analima mbogamboga ukingoni. Jua linapofika utosini huwa anaacha jembe na kusikiliza. Huwasikia vyura, na ndege, na wanawake wakifua. Husikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na kila mara hujikuta mkono wake umekunjwa, kana kwamba umeshika koki.

Lakini siku ile ya mahakama, kabla ya uamuzi kutolewa, hakimu alimwita Perpetua ili maneno ya marehemu yaandikwe sawasawa. Perpetua aliyarudia yote, kuanzia kwenye mluzi. Alipofika kwenye "asi", aliishia hapo.

Hakimu, mwanaume mpole, aliinua kichwa. "Na neno lake la mwisho, mama, lilikuwa nini?"

Perpetua alikiweka sawa kitenge begani.

"Hakumaliza," alisema.

Hakimu alingoja kidogo, kama labda kuna zaidi, kisha akaandika hivyo.